Kundi la skauti linaendeshwa na nani hasa, watu wazima au viongozi wa patroli?

#1 Kamba Mbili
Wakuu salaam. Nimeingia kusaidia kundi la skauti kama mtu mzima wa kujitolea, mwanangu yumo na walikuwa wanatafuta watu. Kuna kitu nakiona kinaniuma, nataka mawazo yenu.

Kila kitu tunafanya sisi wakubwa. Ratiba tunapanga sisi, mahema tunagawa sisi, hata filimbi ya kukusanyika anapuliza mtu mzima. Viongozi wa patroli (zile timu ndogo za vijana ndani ya kundi) wapo na alama zao kifuani lakini kazi yao imekuwa kuhesabu wenzao na kutuletea idadi, basi. Mkutano uliopita nilimuona binti mmoja kiongozi wa patroli ana kadi mkononi, ameandika mchezo wa dira hatua kwa hatua, nani ashike kamba, nani apime nyuzi, wapi pa kuanzia. Kasimama pembeni anasubiri aitwe. Skauti masta akaongea, msaidizi akaongea, mimi nikaongea, muda ukaisha. Yule binti akaikunja kadi akaitia mfukoni akaenda kupanga viti.

Nikiuliza wenzangu naambiwa "bado wadogo" au "muda umebana". Sasa je ni kweli wadogo? Au sisi ndio hatujui kukaa pembeni? Huko kwenu nani anaendesha?

#2 Dira
Umegusa penyewe. Kundi linaloendeshwa na wakubwa ni darasa lililovaa skafu. Mfumo wa patroli ndio skauti yenyewe, ukiutoa hakuna kinachobaki. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, tangu kambi ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1908 aliwapa vijana uongozi, hakusubiri wakue.

#3 MzeeWaSkafu
Dira upo sahihi ila mwaka rekebisha, Brownsea ni Agosti 1907. 1908 ndio kitabu chake, Scouting for Boys, kilianza kutoka.

Na kwa kuwa imetajwa tuieleze vizuri maana wengi wanaisimulia kama kazi ya mtu mmoja. Vijana walikuwa kama ishirini, wametoka kwenye shule za matajiri na wengine familia za wafanyakazi wa kawaida, wakachanganywa halafu wakagawanywa patroli nne, Mbwa Mwitu, Fahali, Kunguru na Sululu (yule ndege). Patroli watu watano hivi, mkubwa wao ndio kiongozi. Huyo kiongozi alipewa wajibu wote wa patroli yake, tabia zao kambini na nje ya kambi, saa zote. Usiku patroli moja kwa zamu ilitoka kwenda kulala yenyewe porini, inaweka walinzi wake, na wakubwa wananyemelea gizani kuwapima wale walinzi kama wako macho. Baadaye Baden-Powell mwenyewe aliandika kwamba mpangilio ule ndio ulikuwa siri ya kambi kufanikiwa.

Angalieni hapo wakubwa walikuwa na kazi gani. Walikuwepo, tena karibu, lakini walikuwa wanapima, hawakuwa wanaongoza.

#4 mama_wa_wawili
Historia nzuri ila mimi ni mzazi wa leo. Mwanangu ana miaka 11. Eti aondoke usiku na kiongozi wa miaka 14 wakalale porini peke yao, hapana jamani. Akivunjika mguu nani atanipigia simu? Huyo wa miaka 14? Msinielewe vibaya, napenda ajifunze kuongoza, ila mtu mzima awepo tena anaona kwa macho yake.

#5 Katibu wa Kamati
Mama hapo juu hayuko peke yake, vyama vingi vya skauti vimeshaelekea huko. Marekani kwa mfano tangu Oktoba 2018 ni lazima wawepo watu wazima wawili waliosajiliwa, wa miaka 21 kwenda juu, kwenye kila shughuli, pamoja na mikutano. Zamani patroli kule iliweza kwenda matembezi ya siku moja yenyewe kwa ruhusa, siku hizi hapana.

Lakini hiyo sheria inasema nani AWEPO, haijasema nani AONGOZE. Watu wanaichanganya hiyo makusudi kabisa. Wakubwa wawili wanaweza kuwepo wamekaa kwenye viti vyao mita hamsini kutoka patroli ilipo na wakaona kila kitu. Kamba Mbili kwenye kundi lenu mnakaa wapi mkutano ukiendelea? Mimi naanzia hapo, ukisimama katikati ya duara, watoto watakuangalia wewe tu.

#6 Mwalimu Tochi
Habari wadau. Nimefundisha kozi za viongozi watu wazima muda mrefu na kwa ninavyoona mimi chanzo ni mafunzo, wala si umri wa watoto. Mzazi anakuja na moyo mzuri, anapewa skafu, siku ileile anawekwa mbele ya vijana. Atafanya kile alichokiona maishani, yaani mwalimu mbele wanafunzi nyuma. Hajawahi kuona kitu kingine.

Ndio maana kituo cha mafunzo cha Gilwell Park, Uingereza, kilianzishwa 1919 na kozi ya kwanza ya Wood Badge, ile ya viongozi watu wazima ambayo ukimaliza unavaa shanga, ikafanyika Septemba mwaka huohuo. Na kozi ilifanywaje? Wakubwa waligawanywa patroli! Wanalala kipatroli, wanapika kipatroli, wana kiongozi wao wa patroli. Mtu akishaishi wiki kama mwanapatroli anajua ilivyo kukatishwa na mkufunzi anayependa kuongea. Mpaka leo kozi ziko hivyo. Asiyepitia hapo unamlaumu bure.

#7 HemaBovu
Tochi hapana. Nawajua watu wana Wood Badge, wana shanga shingoni, na bado filimbi hawaiachii. Kozi wamepita ila kujizuia hawawezi. Tatizo ni kwamba wakubwa tunapenda kitu kitoke kizuri. Mtoto akifunga hema limepinda tunalifunga upya usiku wakiwa wamelala, asubuhi wanaamka hema limenyooka, hawajajifunza lolote zaidi ya kwamba lao lilikuwa baya.

#8 Nyota ya Kambi
HemaBovu na jina lako hilo, kwenye mahema tunakuachia uongee wewe 😂

Mimi naona wote mnazunguka. Tatizo ni patroli zinavyoundwa. Makundi mengi siku hizi yanaweka watoto wa umri mmoja patroli moja, wa miaka 11 kivyao, 13 kivyao, eti wasinyanyaswe. Sasa kiongozi wa miaka 11 atawafundisha nini wa miaka 11 wenzake, fundo hajui, ramani hajui. Lazima mtu mzima aingie. Patroli yenye umri mchanganyiko, sita mpaka wanane, kuanzia 11 mpaka 15 au 16, inajifundisha yenyewe. Mkubwa anajua, msaidizi wake anaelekea kujua, wadogo wanaangalia. Mwaka unaofuata wanapanda ngazi.

#9 bintiskauti
Nyota nakubali nusu. Mimi nilikuwa mdogo kwenye patroli ya mchanganyiko na niliosha masufuria kambi nzima kwa sababu wakubwa waliamua hivyo. Hakuna mtu mzima aliyejua maana walituambia "mambo ya patroli yamalizeni wenyewe". Kwa hiyo hiyo mnayoita kuwaachia vijana kuna wakati ni kuwaachia wadogo waonewe.

#10 Nyota ya Kambi
Pole sana. Hapo skauti masta alitakiwa kuwa macho. Kukaa pembeni hakumaanishi kufumba macho. Sisi zamu zinaandikwa kwenye karatasi na kiongozi wa patroli kabla ya kambi, zinabandikwa, na kiongozi naye jina lake limo kwenye kuosha. Skauti masta anapita anaisoma ile karatasi kimyakimya. Akiona jina moja limejirudia anamuita kiongozi pembeni anamuuliza tu, huyu mbona mara tatu? Haitangazi mbele za watu.

#11 Bahari Kuu
Naomba niingize jambo zito. Kuwaamini vijana si kuwatupa. Ufaransa Julai 1998, huko Perros-Guirec, skauti wanne walikufa baharini pamoja na mtu mzima aliyekuwa na mashua yake akaja kuwaokoa. Vijana walitumwa kusafiri kwenye mashua yao bila mtu mzima ndani na hali ya bahari ikawageukia. Padri aliyekuwa anaongoza kambi alihukumiwa mahakamani. Hao walikuwa wa kundi la kimapokeo lenye kupenda sana uhuru wa patroli, wala hawakuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo mnaposifia Brownsea kumbukeni kwamba kazi moja haihamishiki kwa mtoto. Kusema "leo hatuendi majini". Hiyo ni ya mtu mzima aliyesoma hali ya hewa, akakagua majaketi ya kuokolea, anayejua nani hawezi kuogelea. Mengine yote wape.

#12 mama_wa_wawili
Asante Bahari Kuu. Hiki ndicho nilikuwa nasema.

#13 Dira
Sawa ila tusitumie ajali ya majini kumnyima mtoto kupuliza filimbi ukumbini. Kamba Mbili anaongelea mchezo wa dira jamani! Kadi ya binti wa watu haina hatari yoyote. Hofu ya kweli tunaibeba kila mahali mpaka pasipohusika.

#14 Kijana17
Mambo. Naona wakubwa mmejaa humu, mimi ni kiongozi wa viongozi wa patroli kwenye kundi letu, nimechaguliwa na wenzangu kwa miezi sita. Niwaambie inavyoonekana toka upande wetu.

Hatuogopi kuongoza. Tunachoogopa ni kuandaa kitu halafu kibadilishwe dakika ya mwisho. Baraza letu la viongozi wa patroli lilikaa likapanga matembezi, njia tumechora, muda wa mapumziko tumeweka, tukampa skauti masta. Siku yenyewe tunafika tunakuta njia nyingine kwa sababu mzazi mmoja alipendekeza. Hakuna aliyetuuliza. Mwezi uliofuata nikaitisha baraza wakaja wawili tu, na mimi siwalaumu. Mkishatuambia kupanga ni kwetu basi mkibadilisha mtuambie sababu, hata kama sababu ni ya usalama tutaelewa, sisi si watoto wa kindagateni.

Kwa hiyo msiseme vijana hawajitumi. Waliwahi kujituma.

#15 Kamba Mbili
Kijana17 umenipiga na kitu kizito, asante. Hilo la kubadilisha bila kueleza tunalifanya sana na huwa tunaona ni jambo dogo.

Katibu swali lako, tunakaa katikati kabisa, tena tumesimama.

#16 Katibu wa Kamati
Nilijua.

Niongeze upande ambao watu hawauangalii, kwamba wakubwa nao wako wa aina mbili na zikichanganyika ndio vurugu. Kuna wa programu, skauti masta na wasaidizi wake, hao ndio wanakaa na vijana. Halafu kuna kamati, mwenyekiti, katibu, mhazini, mtu wa vifaa. Kamati inatafuta ukumbi, inashika pesa, inahakikisha kila mtu mzima amekaguliwa historia yake kabla hajakaribia watoto, inakusanya fomu za wazazi na za afya. Kamati HAIPANGI mchezo wa jumatano. Kwetu mwenyekiti mmoja alikuwa anakuja na orodha ya beji anazotaka zikamilike, kundi likageuka kiwanda cha beji. Siku hizi mtu wa kamati akitaka kitu kwa vijana anaandika barua kwa baraza la viongozi wa patroli, wanaijadili kama barua nyingine. Wanaikataa pia, na imeshatokea.

#17 HemaBovu
Wanaikataa?? Halafu mwenyekiti anafanyaje

#18 Katibu wa Kamati
Anakubali. Isipokuwa jambo la usalama au pesa ambazo hazipo. Hayo mawili tumewaambia wazi tangu mwanzo kwamba skauti masta ana kura ya kuzuia. Mengine yote uamuzi wa baraza ni uamuzi.

#19 Mwalimu Tochi
Hiyo ya Katibu ndio inatakiwa. Duniani kote ukisoma njia ya skauti ilivyoandikwa leo na WOSM, shirika la skauti la dunia, utakuta vipengele nane, mfumo wa timu kimojawapo na msaada wa watu wazima kingine. Viko pamoja. Anayesema ni vijana tu amekata kimoja na anayesema ni wakubwa tu amekata kingine. Na tangu mkutano wa dunia wa Bangkok 1993 kuna sera ya watu wazima kwenye skauti, mtu achaguliwe, afundishwe, asaidiwe akiwa kazini, halafu muda wake ukiisha akaangaliwe aendelee, abadilishe kazi au apumzike. Makundi mengi yanafanya hatua ya kwanza tu, "njoo utusaidie", basi.

#20 Mkongwe wa Mwenge
Mmesahau chimbuko la yote. Kabla ya Brownsea, Baden-Powell aliunda kikosi cha vijana mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kwenye vita ya Makaburu, wakawa wanabeba barua kwa baiskeli. Hapo ndipo alipoona vijana wanaweza.

#21 MzeeWaSkafu
Mkongwe kidogo tu, kile kikosi hakuunda yeye, kiliundwa na ofisa wake Lord Edward Cecil wakati mji umezingirwa 1899 mpaka 1900, na kiongozi wao alikuwa kijana mwenzao, Warner Goodyear. Yeye alivutiwa na walivyobeba wajibu. Hoja yako inabaki palepale, tena inapata nguvu, kijana aliongoza vijana.

Na hapo nirudi kwenye lile la kuchagua. Brownsea hawakupiga kura, mkubwa wa patroli ndio alikuwa kiongozi. Siku hizi makundi mengi yanapiga kura na mimi sina amani nayo sana. Anachaguliwa anayechekesha.

#22 Kijana17
Mzee heshima yako lakini mimi nilichaguliwa na sichekeshi 😅 Mkituchagulia nyie tutamuona ni mtu wenu, akitoa neno tunasema katumwa. Tukimchagua wenyewe akiboronga tunavumilia maana tulimuweka wenyewe, na baada ya miezi sita tunamtoa.

#23 MzeeWaSkafu
Hahaha kijana una hoja. Ila miezi sita ni mifupi, anajifunza miezi minne halafu anatoka.

#24 Nyota ya Kambi
Sisi tunafanya katikati. Patroli inapendekeza wawili, skauti masta anaongea na kila mmoja peke yake (mlango wazi, mtu mzima mwingine yupo karibu) anawauliza utawafanyia nini wenzako, kisha patroli inapiga kura. Muda mwaka mzima. Naona inaenda, ingawa mwaka huu kuna patroli wamegoma wakasema wanataka kura tu bila mahojiano, baraza bado linajadili.

#25 Peke Yangu
Wakuu nawasoma kwa hamu lakini wote mnaongelea makundi makubwa. Sisi tuna watoto tisa. Tisa! Patroli moja na nusu. Mtu mzima ni mimi na dada mmoja, tena zamu zake za kazi zinambana. Hiyo kamati sijui mwenyekiti sijui mhazini kwetu ni mimi kwenye daftari moja. Nikikaa pembeni kama mnavyosema hakuna kitakachofanyika, maana hata mkubwa wao ana miaka 12. Nimechoka ukweli, naipenda kazi hii ila nimechoka.

#26 bintiskauti
Peke Yangu pole na hongera kwa kushikilia. Kwetu ilikuwa hivyo, tulianza na patroli mbili ndogo za watu wanne na watano badala ya kundi moja la tisa. Ukiwa na patroli mbili mashindano yanaanza yenyewe na viongozi wawili wana mtu wa kujadiliana naye. Ukiwa na moja, kiongozi anajadiliana na wewe tu, na utamzidi kila mara.

#27 Mwalimu Tochi
Peke Yangu wazazi umewaomba nini? Ukisema "tunahitaji msaada" hakuna anayekuja. Omba kitu chenye mwanzo na mwisho. "Naomba mtu wa kusimamia vifaa mpaka kambi ijayo." "Naomba mtu wa kupokea fomu za afya na kuzipanga." Mtu anakubali kazi anayoiona mwisho wake. Na nafasi ya pili ya mtu mzima mkutanoni ifanyie rota wazazi, wakishakaguliwa na kusajiliwa kama chama chenu kinavyotaka.

#28 Bahari Kuu
Hapa ndipo chanzo chenyewe, naachana na hoja zangu za mwanzo. Si mafunzo, si umri. Ni uchache wa watu. Mtu mzima aliyechoka hawezi kumsubiri mtoto ajifunze kwa sababu kusubiri kunahitaji muda na yeye hana. Kufanya mwenyewe ni dakika tano, kumwacha kiongozi wa patroli afanye ni nusu saa. Makundi ya Italia, chama cha AGESCI, kila ngazi ina viongozi wawili, mwanamume na mwanamke, wenye mamlaka sawa. Sio kwa ajili ya usalama tu, mmoja akizidiwa mwenzake yupo.

#29 HemaBovu
Hapana bwana, nimeona makundi yana wakubwa kumi na mbili na watoto ishirini, na ndio huko mtoto hashiki hata kamba. Kila mkubwa anatafuta kazi ya kufanya. Uchache wakati mwingine unawaokoa vijana!

#30 Dira
Hilo kweli, hata mimi nimeliona. Wakubwa wakizidi wapeni kazi mbali na vijana. Wao wawe na patroli yao kambini, wapike chao, wafunge mahema yao, na wakaguliwe na kiongozi wa vijana asubuhi kama patroli nyingine.

#31 Mkongwe wa Mwenge
Nje ya mada kidogo, HemaBovu ametaja shanga za Wood Badge. Ni kweli zilitoka Afrika?

#32 MzeeWaSkafu
Za mwanzo ndio, zilitolewa kwenye mkufu unaohusishwa na Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, ambao Baden-Powell alikuwa nao. Mkufu ulivyoishia mikononi mwake kuna simulizi zaidi ya moja, tusiingie huko maana uzi utahama. Aliyemaliza kozi anavaa mbili, wakufunzi wana tatu au nne. Nyingi za leo ni za kuchongwa tu.

#33 mama_wa_wawili
Narudi. Nimewasoma wote na nimemuuliza mwanangu anataka nani amfundishe mafundo, kaniambia anataka yule kaka wa patroli yake "kwa sababu hakasiriki". Sijui niseme nini. Bado nataka mtu mzima awepo, hapo sibadiliki, ila labda kweli asiwe katikati ya duara.

Sasa swali langu lingine, WhatsApp. Kiongozi wa patroli kafungua grupu la watoto, hakuna mtu mzima ndani. Kamati inasema lifungwe. Watoto wanasema ni la kwao la kupanga mambo. Nani yuko sahihi?

#34 Katibu wa Kamati
Mtu mzima mmoja akiwa ndani peke yake na watoto ni shida, na mtu mzima kumtumia mtoto meseji kivyake ni shida kubwa zaidi. Kwetu grupu la patroli lina wakubwa wawili waliosajiliwa, hawaandiki chochote ila wamo, na watoto wanajua wamo. Mtoto asiyeruhusiwa simu na wazazi wake taarifa inaenda kwa mzazi. Pia angalieni umri unaoruhusiwa na hiyo programu yenyewe kabla ya yote.

#35 Kijana17
Mkiingia wawili tutahamia grupu lingine msilolijua, nawaambia ukweli tu. Bora mkae nasi barazani tukubaliane, yapi ya patroli yanaandikwa mle na utani wetu uende kwingine.

#36 Nyota ya Kambi
Kijana17 katoa onyo la bure hilo, lisikilizwe.

#37 Jani la Mwanzo
Samahani nachomekea swali, nimewekwa kiongozi wa patroli juzi, nina miaka 14. Kuna mmoja kwenye patroli ana 15 na kila nikisema kitu anafanya kinyume, na wadogo wananicheka. Skauti masta kasema niachie yeye, lakini nikimwachia yeye si ndio nitakuwa nimeisha? Mkutano wa baraza uko karibuni, sijui hata niseme nini.

#38 Kijana17
Usimwachie. Na usimseme barazani kwa jina, ataambiwa. Mpe kazi anayoijua kuliko wewe, ya kweli, sio ya kumtuliza. Wa kwetu alikuwa mtaalamu wa moto, nikamwambia kambini jiko ni la kwako, mimi sitaligusa, na sikuligusa kweli hata lilipozima tukachelewa kula. Baada ya hapo akawa ananiuliza mwenyewe tunaanza saa ngapi.

#39 bintiskauti
Na ikizidi ikawa kuonewa, anakutisha au anawapiga wadogo, hiyo si ya kuitatua peke yako. Hapo unamwambia skauti masta saa hiyohiyo na mzazi wako pia. Utofautishe, ubishi ni wako, kuonewa ni kwa wakubwa.

Barazani ongea patroli yako inahitaji nini. Kwa mfano "hatuna kamba za kutosha, wadogo wawili hawajui fundo la mraba, tunaomba jumatano ijayo dakika ishirini zetu wenyewe". Andika kwenye kadi usome, wala usione aibu kusoma.

#40 Jani la Mwanzo
Asanteni. Dakika ishirini nitaomba. Huyo wa 15 anajua ramani kuliko wote, mpaka skauti masta huwa anamuuliza. Nimpe njia ya matembezi?

#41 Kijana17
Mpe. Ila ramani akuonyeshe kabla hamjaondoka, wewe ndio utaulizwa.